Achia

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa koo amenifunga mdomo. Wiki tatu nisiseme neno, hata kwa kunong'ona, maana kunong'ona, anasema, ni kelele iliyovaa soksi. Alinipitisha kijimpira chenye taa puani, akanionyesha kwenye skrini nyuzi zangu mbili za sauti. Kila uzi una kinundu. Kimoja kama punje ya mtama, kingine nusu yake.

"Umepiga kelele miaka mingapi, mama?"

Nikamwonyesha vidole: kumi, kumi, tisa.

"Basi," akasema, akaandika.

Basi nini? Kelele hizo ndizo zilizonijengea nyumba na kumsomesha binti yangu. Mimi ni mnadi, na kazi hii sikurithi kwa mtu. Baba yake binti yangu aliniachia mtoto na kitanda kibovu. Kitanda nilikitoa barabarani nikakipigia kelele, nikapata bei ya kitanda kizima, hapo nikajua riziki yangu iko wapi. Leo naambiwa riziki hiyo imeota vinundu.

Kwa kuwa sisemi, naandika. Lazima nigombane na mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Nimenyamaza. Jirani anapita akitabasamu kama aliyepewa likizo.

Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu ameshika nyundo badala yangu. Mimi nilikaa pembeni kama pambo.

Ukumbi wetu wa mnada ni bati tupu bila dari. Mvua ikinyesha, hata mtu unayeshikana naye bega humsikii. Tuna kipaza sauti kimoja, nacho kinakohoa kuliko mimi. Vitanda, majokofu, cherehani, mali za maduka yaliyofilisika, vyote vinapita pale. Mwenye mali hukaa kwenye kiti kando ya jukwaa. Bei ikisimama, mnadi anamgeukia. Akisema "Shika," mali inarudi stoo. Akisema "Achia," nyundo inashuka, na ikishashuka hairudi juu hata aje nani. Mwenye mali asipokuwepo, anawekewa msimamizi wa kusema kwa niaba yake. Ndiyo sheria yetu yote, haijajaza hata ukurasa, na haijawahi kutushinda.

Walimpokea vizuri. "Mnada Mdogo!" walimwita. "Sauti ya mama yake mtupu!"

Baada ya mnada Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alinijia na mwavuli wake, akaniinamia kama anayesema na mgonjwa wa kitandani.

"Mama, wewe pumzika. Masika yakiisha kamati itakaa itoe kibali cha mnadi. Kimoja tu, unajua ukumbi ni mdogo. Tutawasikiliza nyote wawili."

Nyote wawili! Nyundo niliyoichonga mimi, jukwaa nililolipigilia misumari mimi. Ningekuwa na sauti angerudi kwake bila mwavuli.

Njiani binti yangu akasema, "Mama, sikuililia nyundo yako. Nimeishika tu."

Nikamwandikia kwenye karatasi: Ishike vizuri.

Akasoma, akacheka. "Raha iliyoje! Leo ukitaka kunigombeza mpaka utafute kalamu."

Jumanne, 25 Machi

Nimeruhusiwa kusema, kidogo, na kwa masharti. Sharti la kwanza ni mafunzo ya sauti na mwili, Jumanne na Alhamisi, kwa mwalimu aliyeteuliwa na daktari. "Ana njia zake," alinionya. "Wapo wanaomcheka. Lakini wagonjwa wangu wanaondoka kwake wakisema."

Mahali penyewe ni ghala la zamani la unga. Mwalimu ni msichana wa umri wa binti yangu, kichwa amenyoa, miguu mitupu, mwembamba mpaka nikamwita Bua papo hapo, moyoni. Wanafunzi ni vijana wanne wa maonyesho ya jukwaani, Wakili mmoja mnene, na mimi. Wakili alinieleza kisa chake tulipokuwa tunavua viatu. Barazani anaongea hata mawe yanamsikiliza, lakini akisimama mbele ya jaji sauti inabaki nje na mwavuli.

"Na wewe mama, nini kimekuleta?"

"Nimetumika sana," nikamjibu. Maneno yangu ya kwanza baada ya wiki tatu. Yalitoka kama mlango wa kabati.

Tulianza kwa kulala chali sakafuni. "Sakafu ikubebe," anasema Bua. Inibebe! Kila sakafu niliyoikanyaga niliilipia, haijawahi kunibeba bure. Kisha tupumue kwa mgongo. Si kifua, mgongo. Nikageuka nione wenzangu wanapumuaje kwa mgongo, nikaona vijana wametulia kama mikate kwenye sinia. Wakili alikuwa anakoroma.

Bua akaja akapiga magoti kando yangu.

"Taya, mama. Achia."

Nikatazama nyundo iko wapi. Ndivyo nilivyozoea. Neno hilo likisemwa, kitu kimekwisha kuwa cha mtu mwingine.

Alhamisi, 27 Machi

Leo ni vichwa. Mmoja analala, mwenzake anamshika kichwa kwa mikono miwili, anakiinua, anakizungusha, na mwenye kichwa hatakiwi kusaidia. Nilikishika cha Wakili. Kizito kama gunia la sukari, na akanipa chote, akafumba macho, akaanza kuhema kama mtoto. Sijui mtu anampaje mgeni kichwa chake.

Tukabadilishana.

"Achia kichwa, mama," anasema Bua.

"Nimeachia."

"Bado unakibeba."

"Mwanangu, nimeachia."

Akamwambia Wakili atoe mikono. Wakili akatoa. Kichwa changu kikabaki hewani, peke yake, kama taa. Vijana wa jukwaani wakacheka mpaka mmoja akalala chini. Nami nilikuwa naapa kwamba nimekiachia! Hilo ndilo lililoniudhi, kuliko kicheko. Kama sijui ninachokibeba, nitakitua vipi?

Jumanne, 1 Aprili

Zoezi la namba. Bua anasema namba hazina hisia, kwa hiyo ni chombo kizuri cha kusikilizia sauti tupu. Tuhesabu moja hadi ishirini, tukitembea, bila kumaanisha chochote.

Namba hazina hisia! Msichana huyu hajawahi kuuza jokofu.

Moja, mbili, tatu nilikwenda vizuri. Kwenye nne nikaona mmoja wa vijana ananitazama. Kwenye tano nikamnyooshea kidole. Kwenye sita nikageukia upande wa pili kutafuta wa saba, na kila namba ikapanda juu ya ile iliyotangulia, shingo ikapanda nayo, nikafika kumi na moja nimesimama kwa ncha za vidole na ghala zima linanitazama.

Wakili akainua mkono. "Kumi na mbili," akasema, "lakini niione kwanza ilivyo ndani."

Hata Bua alicheka. Kisha akaacha, akasema polepole, "Kwa hiyo mama, hujawahi kutaja namba bila kutaka nyingine kubwa zaidi."

Nilivaa viatu vyangu. Sijalipa kusomewa nyota.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimerudi. Nilishalipa muhula mzima.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kubwa. Binti yangu anatumia vichekesho vyangu. Kile cha godoro lililolaliwa na mchumba mmoja tu, kile cha jokofu linalopoza hata hasira. Watu wanacheka kama wanavisikia mara ya kwanza. Hapo nyuma yupo fundi wa redio ambaye amevisikia kwangu tangu hana mvi. Naye alicheka, mnafiki.

Bei alizopata leo, nikijumlisha, ni theluthi juu ya zangu za masika yaliyopita. Nimejumlisha mara mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Kutembea bila kwenda. Unavuka ghala kutoka ukuta hadi ukuta, taratibu kiasi kwamba anayekutazama asione unapohama. Ukifika umekosea.

Nilidhani nitakufa kwa hasira. Maishani mwangu nimekuwa mtu wa kufika. Lakini katikati, mguu wa kulia hewani, niligundua kwamba kila ninapotaka kusogea, kabla ya mguu, koo linakaza. Kabla ya mguu! Nikageuka kumwuliza Bua, koo likakaza kabla ya swali. Nikaachana na swali, koo likalegea. Nilifanya hivyo kama mtu anayewasha na kuzima taa.

Sikumwambia. Angefurahi.

Jumanne, 15 Aprili

Leo tumegaragara. Nimetoa hela yangu kugaragara.

Alhamisi, 24 Aprili

Lazima niandike taratibu.

Bua alitupanga ukutani, viganja ukutani, tusukume kama tunataka kuuhamisha, na tukiwa tunasukuma tutoe sauti. Si neno, si wimbo. Sauti inayotoka tu kwa sababu mwili unafanya kazi. Vijana walitoa vilio vyao vya jukwaani, vya kupendeza. Wakili akatoa kitu kama mlango wa gereji. Mimi nikatoa kelele yangu ya kawaida, ile ya "bei imesimama, nani anaisogeza," na ikakatika njiani kama kawaida.

Bua akaniwekea kiganja mgongoni, chini kabisa, karibu na kiuno. "Shingo haisukumi ukuta," akasema. "Achia shingo, acha hapa pafanye kazi."

Sijui nilifanya nini. Nilichoka, nadhani. Nilichoka naye, nikachoka na ukuta, nikachoka na Jumamosi zote za kukaa pembeni, na shingo ikaanguka kama mkono wa mtu aliyelala. Sauti ikatoka. Ilikuwa ya chini, pana, haikukwaruza popote. Kioo cha dirisha kilivuma. Wakili aliondoa mikono ukutani, akadhani umeme.

Sikuitambua. Niligeuka nione ni nani.

Vijana walipiga makofi. Bua alikuwa na machozi, msichana yule, machozi yake hayako mbali. Mimi nilikwenda kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kilichonishika hakikuwa furaha hata kidogo. Kama hii ilikuwa humu ndani siku zote, ile niliyoichoma miaka yote ilikuwa ya nini? Nilikuwa nafungua mlango kwa bega, kila Jumamosi, miaka ishirini na tisa, na mlango ulikuwa unafunguka kwa upande wa pili. Hakuna aliyeniambia. Walipiga tu makofi.

Jumamosi, 26 Aprili

Laiti nisingefundishwa kuona.

Leo nilimtazama binti yangu akinadi na sikuona tena binti yangu. Niliona kidevu kimechongoka juu, mabega yamepanda kuziba masikio, mshipa wa shingo umesimama kama kamba ya kuanikia nguo. Namba inapopanda na shingo inapanda. Ni mimi. Ni mimi mwenyewe, nimewekwa pale juu nijitazame. Na kwenye kila "laki" sasa nasikia kamkwaruzo kadogo, kama chembe ya mchanga kwenye wali. Wengine hawausikii. Wanasema sauti imekomaa.

Nyumbani nilimwambia kabla hajaketi.

"Mwanangu, unaliua koo lako."

"Koo langu liko salama, mama."

"Unapandisha kidevu. Unakaza hapa, na hapa. Ukiendelea hivi—"

"Nikiendelea hivi nitapata kibali. Hicho ndicho kinachokukwaruza."

"Nimekuzaa mimi, nikuonee wivu?"

"Sijasema wivu. Umesema wewe." Akavua viatu, akaviweka sawa, kisigino kwa kisigino. "Miaka yote ulinifundisha nini, mama? Paza! Mtu wa nyuma hajakusikia! Nimepaza. Leo mtu wa nyuma ananisikia, unaniambia nishushe."

"Njoo nami ghalani Jumanne. Mara moja tu."

"Nije nipumue kwa mgongo?" Alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Nilikuja kukuchukua juzijuzi, mvua ilipokuwa kubwa. Nilisimama mlangoni. Ulikuwa unatambaa, mama. Wewe na lile libaba linene, mnatambaa mkitazamana kama mbuzi. Nikarudi zangu kwenye gari, nikakusubiri huko."

Mazoezi haya hayasimuliki. Sikumweleza neno lolote la Bua, hata lile moja analotuimbia kutwa. Niliona aibu kwamba mtu mzima kama mimi nimelipa muhula mzima kufundishwa neno moja ambalo nililijua tayari.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Mkwaruzo umehamia kwenye "elfu" pia.

Jumanne, 6 Mei

Wakili alisimama mbele ya jaji jana na sauti ikaingia naye. Ameshindwa kesi. Amefurahi kama mwehu, ameleta biskuti. "Nilishindwa kwa sauti nzuri sana," anasema.

Jumanne, 13 Mei

Daktari ameniingiza tena kijimpira. Punje ya mtama imebaki kidoti, ile nyingine haipo. "Umepona," akasema. Nikamwuliza kuhusu mtu mwingine, mwenye dalili hizi na hizi. Akasema huyo mtu aje mwenyewe, yeye hatibu kwa simulizi.

Nilimwambia binti yangu. Akasema, "Baada ya kibali."

Jumamosi, 17 Mei

Kamati imepanga. Tarehe 24 binti yangu atasikilizwa, tarehe 31 nitasikilizwa mimi. Mwenyekiti ameomba tarehe 24 nikae kiti cha msimamizi wa mali, maana Mwokaji, mwenye tanuri kubwa la mikate litakalonadiwa, kalazwa hospitali. Nilikwenda kumwona. Tanuri lake ni la chuma, lina milango miwili, halina miaka minne. Tumekubaliana: chini ya milioni moja na laki mbili, nishike. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kwako sina wasiwasi, mama. Wewe na bei mnajuana."

Jumamosi, 24 Mei

Nimekaa mezani tangu mchana na sijavua koti. Nitaiandika ilivyokuwa.

Mvua ilianza asubuhi, ile inayonyesha kama inamwagwa kwa ndoo. Umeme ulikatika kabla ya fungu la tatu, kipaza sauti kikafa. Mwenyekiti akauliza kama tuahirishe. Binti yangu akasema, "Sihitaji hicho," akakisukuma pembeni. Ukumbi ukampigia makofi.

Aliuza vitanda, aliuza majokofu, juu ya mvua, kwa koo tupu. Kila fungu nikasikia nyuzi zinavyosagana. Ilipofika zamu ya tanuri alikuwa mwekundu wa macho, kidevu kinatazama bati. Wanunuzi watatu wa kweli. Laki nne. Laki tano. Laki tano na nusu. Laki sita, mtu wa hoteli, mwenye koti la ngozi. Bei ndiyo kwanza ilikuwa inapata joto, wawili nyuma walikuwa bado na mikono mifukoni, na mkono ulioko mfukoni haujaondoka mchezoni, kila mnadi anajua. Binti yangu akavuta pumzi kuwaita wale wa nyuma. Akaivuta yote juu, kwenye mabega, shingo ikakaza, mshipa ukasimama, akafungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kitambaa kinachochanwa. Neno halikutoka. Akajaribu tena. Nikaona uso wake unavyoogopa. Niliujua woga ule. Mimi ulinipata Januari, nikaumeza.

Nikasimama. Sikufikiri. Miezi miwili nimeambiwa neno moja mgongo ukikaza, taya likikaza, shingo ikikaza, mpaka mwili ukalijua kuliko kichwa.

"ACHIA!" nikamwambia. "Achia, mama, achia!"

Na ilitoka ile. Ile ya ukutani. Ilitoka chini kabisa, bila mkwaruzo, ikapita juu ya mvua kama mvua haipo, mpaka kwa fundi wa redio kule nyuma, akageuka. Sijawahi kutoa sauti nzuri kama ile maishani mwangu.

Binti yangu alinitazama. Nilikuwa kiti cha msimamizi. Nilikuwa nimesema. Alisita, nakumbuka alisita, macho yakaniuliza. Nikadhani anauliza kama kweli ni shingo aiachie. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akapiga nyundo.

Tanuri la milioni na ushee, kwa laki sita.

Ilikuwa kama umeme umerudi. Wote wakaanza kusema. Mtu wa hoteli alikuwa tayari amelishika tanuri mlango. Nikapaza, "Sio hivyo! Sikumaanisha bei!" na Mwenyekiti akaja akisema nyundo ni nyundo, mama, sheria ni yako mwenyewe. Nikamwambia nilimaanisha shingo. Akanitazama.

"Shingo ya nani?"

"Ya binti yangu. Alikuwa anakaza shingo."

Hakucheka mbele yangu. Alinifinyia jicho. Akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni, akasema chinichini, "Mama, wewe ni mkongwe. Umecheza." Na nikaelewa kwamba kwa hesabu ya ukumbi mzima mnadi mchanga amelipoteza tanuri siku ya kusikilizwa kwake, na anayefaidika ni mmoja tu. Ningekuwa mimi nimekaa kule chini, ningejumlisha hivyo hivyo.

Binti yangu aliweka nyundo mezani, taratibu. Akashuka. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu, na sauti iliyobaki ilikuwa ndogo sana.

"Sema ulimaanisha nini."

"Ulegeze shingo. Ndivyo mwalimu anavyosema. Achia, maana yake—"

"Mama. Najua maana ya achia. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa na miaka saba, nimekaa chini ya hili jukwaa." Akafunga kitambaa chake kichwani. "Ungeniomba tu. Ningekupa."

Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Jumapili, 25 Mei

Hapokei simu. Mwokaji nimemlipa mimi tofauti ya bei. Alisema si kitu. Hakunishika mkono.

Jumanne, 27 Mei

Nilimsimulia Bua yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilipofika pale pa sauti kupita juu ya mvua, akayafumbua, yanang'aa.

"Na shingo? Ilikuwa imelala kabisa?"

"Nimempoteza mtoto, wewe unaniuliza shingo?"

"Hapana, mama, pole. Pole sana." Akanipapasa bega. "Lakini ilikuwa imelala?"

Ilikuwa imelala. Nilimwambia. Kwa nini nimnyime?

Wakili alinisindikiza mpaka nje. Nikamwuliza, wewe ni mtu wa sheria, mtu akisema neno kwa nia nyingine? Akafikiri sana, akifunga kamba za viatu. "Neno linachukua maana ya mahali liliposemwa, mama. Ungelisema ghalani, angelegea. Ulilisema mnadani, akapiga nyundo. Alitii. Kesi ya namna hiyo mimi nisingeichukua."

"Hata kwa sauti yako mpya?"

"Hasa kwa hiyo."

Jumamosi, 31 Mei

Nimesikilizwa. Mvua kidogo, umeme upo, sikugusa kipaza sauti. Nilisimama kwa nyayo zote mbili, nikapumua nilikofundishwa, na ukumbi wote ulinisikia mpaka mlangoni. Mwenyekiti alitangaza kibali palepale, kamati haikuhitaji kukaa.

Ila kuna hili. Bei ya cherehani iliposimama, nikamgeukia mwenye mali. Kabla hajajibu, mtu nyuma akatoa sauti nene, kutoka tumboni, akiniiga: "Achiaaa, mama, achiaaa!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Kwenye fungu lililofuata wakawa watatu. Kufikia jioni lilikuwa jina langu.

Nilicheka nao. Mnadi asiyecheka hauzi.

Alhamisi, 5 Juni

Sikwenda ghalani. Muhula umebaki vipindi viwili, nimemwambia Bua ampe mtu mwingine.

Jumanne, 10 Juni

Mvua zimekwisha. Barabara zimeanza kutoa vumbi.

Nilisikia binti yangu yuko kwenye duka la magodoro, mtaa wa nyuma ya kituo cha mabasi, anaita wateja kwa spika. Nilikwenda. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nikajifanya nachagua ndizi. Spika ilimficha vizuri, lakini kila alipoishusha kuvuta pumzi niliona mabega.

Aliniona. Hakubadilisha hata silabi. "Karibu mama wa upande wa pili, mwenye kikapu! Karibu godoro, mama, mgongo haununuliwi!" Kwa sauti ya duka. Ningekuwa mpita njia yeyote.

Nikavuka.

"Hili bei gani?" nikamwuliza.

Akazima spika. Akataja bei. Bila spika, koo lake lilikuwa limebaki uzi mmoja, nao umechakaa. Nilitaka aendelee kusema, niisikie sauti vizuri, nijue imefika wapi. Nikafanya ninachojua kufanya. Nikasema bei hiyo ni ya kumtania mtu mzima. Akasema haipungui. Nikasema nimewahi kuuza bora kuliko hili kwa nusu. Akasema basi nirudi nikajiuzie. Watu wakaanza kusimama, maana tulikuwa wawili tunaoijua kazi, na kila nilipomshusha yeye alipanda, kidevu kikapanda, mshipa ukasimama, na kwenye neno "mteja" sauti ikachanika. Alikohoa, akashika shingo, akavuta pumzi aanze tena.

Neno lilikuwa kinywani mwangu. Nililimeza.

Nikafungua pochi nikamhesabia ile bei aliyoitaja mwanzo, yote, bila kuongeza neno. Maishani mwangu sijawahi kulipa bei ya kwanza. Alizihesabu mara mbili, akanitazama, akazihesabu tena, akitafuta nilipomwibia.